Jibu: Nimekwama Bleak Seasons, nirukie Soldiers Live?

Assalamu alaykum ndugu yangu wa Wete. Nimekufahamu: umeanza The Black Company, mfululizo wa riwaya za Glen Cook kuhusu kikosi cha askari wa kukodiwa, umefika kitabu cha Bleak Seasons, msimulizi wake Murgen kakuchanganya, sasa unataka kuruka vitabu vya kati uende moja kwa moja kwenye Soldiers Live.

Usiruke. Kwanza angalia nani kashika kalamu. Mwanzo anaandika Croaker, tabibu wa kikosi, kisha Lady, kisha Murgen, na Sleepy katika Water Sleeps. Soldiers Live (2000) inarudi kwa Croaker, na uzito wake wote unatokana na hao waliotangulia. Ukiwaruka, utasoma misiba ya watu usiowajua.

Kinachokusumbua ni kwamba Murgen anachukuliwa kutoka wakati mmoja hadi mwengine bila hiari yake. Mimi kila sura nilijiuliza jambo moja tu: yumo ndani ya mji wa Dejagore uliozingirwa, au yuko mji wa Taglios baadaye? Nikaandika pembeni ya daftari, nikaendelea. Mengine yanajipanga yenyewe, khasa ukiingia kitabu kinachofuata, She Is the Darkness.

Port of Shadows ya 2018 iache kwa sasa. Matukio yake yako baina ya kitabu cha kwanza na cha pili.

Na ukifika Soldiers Live, soma polepole. Watu uliokwenda nao masafa yote wanaondoka kwa mistari michache, na Cook hasimami kukulilia. Mimi naona ndivyo vita vinavyostahiki kuandikwa.

Ukikwama tena, niandikie uko sura gani.