Kigimbi kinauma? Fainali usicheze

Mkuu, tuiache Toronto kwanza. Umeandika aya tatu kuuliza kama ubingwa wao wa 2019 kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ulikuwa bahati tu, halafu mwishoni unapachika kwamba Jumapili unacheza fainali na kigimbi ulichokivuta wiki iliyopita, eti "daktari wa timu" kasema ufunge bandeji. USICHEZE.

Kevin Durant, nyota wa Golden State, aliumia kigimbi Mei 8, 2019, wakicheza na Houston. Akakaa nje mwezi mzima. Timu ilipokuwa nyuma kwa michezo 3-1 kwenye fainali dhidi ya Toronto, akarudishwa, Juni 10. Dakika 12, pointi 11, kano ya kisigino ikakatika. Msimu wote uliofuata hakucheza. Juni 2025 ikawa zamu ya Tyrese Haliburton wa Indiana: kigimbi mchezo wa tano wa fainali na Oklahoma City, akalazimisha wa sita, na wa saba akiwa na pointi 9 ndani ya robo ya kwanza, kano ikakatika. Indiana wakalala 103-91. Hao wana madaktari bora duniani. Wewe una bandeji, na bandeji haijawahi kushona msuli hata ukiisomea dua.

Mimi yalinikuta ligi ya mkoa. Kocha alileta mtu wake, akanidunga sindano ya maumivu, akasema nikipasha moto vizuri naenda dakika zote. Ile sindano iliondoa kitu pekee kilichokuwa kinanizuia kukimbia! Naruka, nahisi nimepigwa teke kisiginoni. Nageuka kumtafuta aliyenipiga, nyuma hakuna mtu. Ada ya mtoto ikaenda kwenye upasuaji. Kocha hata simu hakupiga, na mpaka leo anawaambia vijana wa watu kwamba mwanaume hakai benchi siku ya fainali. Mtu wa namna hiyo asikabidhiwe hata timu ya shule ya msingi.

Haya, Toronto. Bahati ilikuwepo: mpira wa Kawhi Leonard, mchezaji wao, dhidi ya Philadelphia uligonga ringi mara nne ndipo ukaingia. Ila la Durant usiliweke kwenye bahati. Watu walikaa, wakaamua acheze.

Sasa simama kwa mguu huo mmoja, unyanyue kisigino mara kadhaa. Unaweza bila maumivu? Jibu hapa kabla hujaenda mazoezini jioni.