Mlalo wa Uzi Kabla ya Rangi: Kuupa Mchoro Kina kwa Mashine ya Kudarizi

Ukifungua kazi ya kudarizi hapa Moshi, utaudarizi mlima Kilimanjaro. Kampuni za kupandisha wageni zinautaka kwenye fulana za waongozaji na wagumu, yaani wapagazi, shule zinautaka kwenye nembo, vikundi vya akina mama vinautaka kwenye sare. Na milima mingi ninayoiona imedariziwa mjini imelala bapa: pembetatu ya kijivu, nyeupe kidogo juu, basi. Inaniuma, kwa sababu mashine ileile, hata ya sindano moja, inaweza kuusimamisha mlima huo ukaonekana una mabonde na migongo.

Fundi mwenzangu akitaka umbo lenye kina, kitu cha kwanza anachofikiria ni kuongeza rangi. Mimi namshauri aanze na mlalo wa uzi. Uzi wa reyoni au poliesta wa namba 40, ambao wengi wetu tunautumia, una mng'ao, na mng'ao huo hubadilika kutegemea uzi umelala kuelekea wapi. Vipande viwili vya rangi moja, kimoja uzi umelala wima na kingine umelala kwa upana, machoni huwa rangi mbili.

Anza na mchemraba. Chora kwenye programu ya kompyuta ya kuandalia michoro ya mashine nyuso tatu zinazoonekana, wa juu, wa kushoto na wa kulia, zote kwa uzi mmoja wa bluu na mshono wa kujaza. Nafasi kati ya mistari ya uzi iache milimita 0.4 kote. Badilisha mlalo peke yake: uso wa juu digrii 0, wa kushoto 90, wa kulia 45. Darizi, toa kitambaa kwenye fremu, kipeleke dirishani ukigeuzegeuze. Anayejifunza kwangu hagusi ua wala jina la mtu kabla hajaudarizi mchemraba huu, maana akishauona kwa macho yake sihitaji kumweleza zaidi.

Ila mchemraba huo utakuonyesha pia tatizo lake. Uzi huvuta kitambaa kuelekea unakolala, kwa hiyo umbo hupungua upande huo. Ndiyo maana duara ulilolichora vizuri kwenye kompyuta hutoka limebonyea. Nyuso tatu zenye milalo mitatu huvuta pande tatu tofauti, na kwenye kona unabaki ufa unaoonyesha kitambaa. Ufa ukionekana tu, jicho halidanganyiki tena. Ongeza fidia ya mvuto, yaani umbo lipanuliwe kwenye programu kufidia linapovutwa, ya milimita 0.2 hadi 0.4, zaidi kidogo kwa kitambaa kinachonyumbuka, kisha nyuso zipandane kidogo badala ya kugusana. Usiache mshono wa chini, ule unaotangulia rangi yenyewe, na uulaze ukikatiza mlalo wa juu. Kwa fulana za kola, nyuma weka kitambaa cha kuimarisha kile cha kukata kwa mkasi na kubaki, kile cha kuchana hakihimili kazi hii.

Maumbo ya mviringo yanataka rangi zaidi, na hapa tunda bivu la kahawa ni somo zuri. Nyekundu tatu zinatosha: ya kati mwili mzima, iliyokolea upande wa kivuli, nyepesi upande wa mwanga. Zinapokutana, ncha za mishono zisilingane, moja ndefu, nyingine fupi, ziingiliane kama meno ya vitana viwili; mpaka ulionyooka unaliua tunda palepale. Kama programu yako ina mshono wa kujaza unaopinda, upindishe ufuate mgongo wa tunda. Doa la mwanga liwe dogo, na likae upande jua linakotoka, si katikati. Kwa kivuli nakataa nyeusi kabisa. Nyeusi hutoboa shimo kwenye mchoro, lakini nyekundu ya damu ya mzee huzungusha umbo.

Rangi zikipandana, za chini zipunguzie msongamano, nafasi kati ya mistari iwe milimita 0.6 hadi 0.8. Ukirundika tabaka tatu zote za 0.4, kitambaa kitakunjamana na sindano itakatika.

Turudi kwenye mlima. Kabla ya kuchora chochote, amua jua liko wapi, na lisihame mpaka mwisho. Ukiutazama kutoka Moshi asubuhi, jua linatoka kulia, upande wa kilele cha Mawenzi, kwa hiyo miteremko ya kulia ipate mwanga na ya kushoto kivuli. Kila mgongo wa mlima ugawe pande mbili, na mlalo wa uzi ushuke kila upande kama maji yanavyoshuka. Theluji ya Kibo, kilele kirefu zaidi, upande wa kivuli iwe bluu iliyopauka, si kijivu. Mawenzi ni miamba iliyochongoka, mpe mishono mifupi isiyo na mpangilio, maana mshono mfupi hung'aa kidogo kuliko mrefu na mwamba haupaswi kung'aa. Darizi kwa mpangilio wa umbali: anga, mlima, msitu, kisha migomba ya mbele ipande juu ya vyote. Mawingu yawe na nafasi pana, karibu milimita 1, mlima uonekane nyuma yake.

Wapo wanaotumia sponji chini ya mshono wa satini, ule wa uzi uliolala sambamba kutoka ukingo hadi ukingo, ili kazi iinuke kweli. Kwa herufi nene za kwenye kofia ni nzuri. Kwa mlima siitumii, inanyanyua kila kitu sawasawa na kufuta vivuli vyote.

Mng'ao una kikomo: mvaaji akigeuka, uso uliokuwa na mwanga unaweza kufifia. Kwa hiyo kwenye nembo itakayotazamwa kwa mbali, mlalo ufanye kazi kubwa, lakini kivuli kimoja kikuu kipe uzi wake uliokolea. Jaribu kwenye kipande cha kitambaa kilekile atakachovaa mteja, kisha kitundike ukutani urudi nyuma hatua kadhaa. Sehemu isiyoonekana ukiwa pale, ifute kwenye mchoro. Inakula uzi na muda wa mashine bure.