Mkuu usichomeke hiyo ESP32 kwenye betri ya bodaboda

Weka hiyo stepdauni, kile kidude cha kushusha volti, chini kwanza. Umeandika muuzaji kakuhakikishia hiyo stepdauni yako ya LM2596 "imeshasetiwa volti 5 tangu kiwandani" na Jumamosi unaunga betri ya bodaboda uendeshe ESP32, kile kibodi cha kompyuta ndogo chenye WiFi, kisome sensa ya udongo kwenye bustani yako huko Masasi. Imesetiwa na nani? Zile zinakuja skrubu ya kurekebishia volti imekaa popote ilipokaa.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na jamaa mmoja wa Kariakoo, tena kwa upole kabisa kama shehe, mzigo ukapandishwa basi mpaka Mtwara. Nikaunga betri, nikachomeka na USB ili nisome data kwenye laptopu, taa nyekundu ikawaka nikamwita na wife aje aone. WiFi ilipoanza tu, ile AMS1117, kidude cheusi cha kushusha volti kwenye bodi karibu na tundu la USB, ikaanza kunuka, kugusa ikanibabua kidole na laptopu ikazima papo hapo. Kuja kupima na mita ya kuazima kwa fundi redio, stepdauni inatoa volti 11 na ushee!! Na bodi yangu ya bei chee haikuwa na daiodi ya kuzuia umeme usirudi kwenye USB, kwahiyo ukarudi. Bodi utanunua nyingine, lakini laptopu ile ilikuwa hela ya korosho, na mpaka leo matundu ya USB hayasomi hata flashi. Msinicheke, nimesoma HKL mimi (Historia, Kiswahili na Kiingereza), umeme nilikuwa naujua wa LUKU tu.

Alafu yule wa kwenye video uliyoweka hapa ndio ananipandisha presha kabisa. Anaunga volti 12 moja kwa moja kwenye Arduino Uno, bodi ya aina nyingine, na inawaka, sawa, kwasababu lile tundu la duara la Uno linapokea 7 mpaka 12, ila hasemi kwamba ESP32 ni kitu kingine, hapo VIN, pini ya kuingizia umeme, unaipa 5 na pini zake za kazi mwisho 3.3. Na nilimsabskraibu.

Kwahiyo bodi haiguswi kabla ya mita. Betri kwenye IN ya stepdauni, OUT haina kitu zaidi ya mita, mita kwenye 20 ya DC, zungusha ile skrubu ya shaba kinyume na saa, utazungusha weee namba haitikisiki alafu ghafla inaanza kushuka, usikate tamaa. Ikifika 5 acha, tia tone la rangi ya kucha isicheze. Na ukitaka kuchomeka USB, betri itoke kwanza.

C++ au MicroPython zote zinaenda, anza na yoyote. Sensa ya udongo weka pini 32 mpaka 35, za ADC2, lile kundi la pili la pini za kusomea sensa, zinagoma WiFi ikiwa hewani. Mengine uliyouliza wadau watakujibu, mimi nataka kujua mita unayo au huna? Kama huna, mafundi redio hapo Masasi wapo, kaazime kabla ya Jumamosi.