Gofu haibetiwi kwa tabia za mpira

Wengi wetu tuliojifunza kubeti katika vibanda vya mitaa ya Kampala tulijifunza kwa mpira wa miguu, na tunapoingia kwenye gofu tunakuja na tabia zile zile za kutafuta jina kubwa, kuliunganisha na mengine kwenye mkeka mmoja, kisha kusubiri. Gofu haiendi hivyo. Mechi ya mpira ina matokeo matatu tu, ilhali The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, huanza na wachezaji 156 wanaogombea kikombe kimoja kwa siku nne na mashimo 72. Ukimwona Scottie Scheffler, nyota wa gofu wa Marekani, amepewa odi ya 6.00, yaani akishinda dau hulipwa mara sita, ujue kwamba kampuni yenyewe inamhesabia chini ya nafasi moja kati ya sita, maana ndani ya odi hiyo imekwisha kujiwekea faida yake. Anayeogopwa kuliko wote anatarajiwa kushindwa wiki nyingi kuliko anazoshinda, na kumtia kwenye mkeka pamoja na timu za Ligi Kuu ya Uingereza ni kuuchana mkeka kabla mpira haujapigwa.

Mimi hubeti gofu ili nipate sababu ya kuitazama kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Dau langu la wiki halizidi bei ya rolexi mbili (chapati za mayai) na soda, na nalihesabu kuwa limekwisha kutumika siku ninapolitoa. (Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza kubeti mtu yeyote aliye chini ya miaka 25, kwa hiyo vijana wa nyumbani wanaokuomba uwawekee dau kwa simu yako waambiwe hapana bila mjadala.) Dau dogo kama hilo likiwekwa lote kwa mshindi, mara nyingi hufa Ijumaa jioni, mchezaji wako anapokosa mchujo wa baada ya siku mbili za kwanza. Kati ya mashindano makubwa, Masters ya Marekani hubakiza wachezaji 50 wa juu pamoja na waliofungana nao, U.S. Open 60, na The Open 70. Wengine hufungasha mizigo, wakiwamo mabingwa.

Soko ninalolipenda ni lile la mtu kwa mtu, ambamo wachezaji wawili hulinganishwa, aidha kwa siku moja au kwa mashindano yote, na wewe unachagua atakayepiga mipigo michache. Hapo huhitaji kuishinda dunia nzima. Unahitaji tu kujua ni nani kati ya wawili anaufaa uwanja huo. Soma masharti kwanza, hasa kuhusu mchezaji anayejitoa, kwani kwa kawaida dau hurudishwa akijitoa kabla ya kuanza, lakini akiumia mgongo shimo la tatu umeshaliwa.

Soko la kumaliza ndani ya tano au kumi bora nalo ni zuri, ila lina mtego ambao watu wa mpira hawaujui kabisa. Katika gofu wachezaji hufungana nafasi kila wiki. Chukua mfano kwamba umeweka shilingi 10,000 kwa odi ya 3.00 kuwa mchezaji wako atamaliza ndani ya tano bora, naye akamaliza nafasi ya tano akiwa amefungana na wenzake watatu. Wachezaji wanne wanagawana nafasi moja, hivyo dau lako linagawanywa kwa nne: shilingi 2,500 zinazidishwa kwa 3.00 na unalipwa 7,500. Tiketi inasomeka kuwa umeshinda, na mfuko umepungua shilingi 2,500. Nimewasikia watu wakiapa kwamba wameibiwa, nao hawakuibiwa. Kanuni iliandikwa mahali wasipopasoma. Zipo kampuni zinazolipa waliofungana kikamilifu, lakini hizo huanza na odi ya chini, kwa hiyo linganisha kabla ya kuweka.

Katika kuchagua mchezaji, uwanja uheshimiwe kuliko jina. Masters peke yake, kati ya mashindano makubwa manne, huchezwa uwanja ule ule kila mwaka, Augusta National, na ukongwe pale ni mali: tangu Fuzzy Zoeller mwaka 1979 hakuna mgeni aliyeshinda alipocheza kwa mara ya kwanza. Huko The Open kinachoamua ni upepo wa pwani. Wanaoanza Alhamisi asubuhi huanza Ijumaa mchana, na upepo ukivuma mchana mmoja tu, nusu ya wachezaji huadhibiwa kwa jambo lisilo lao. Nasubiri ratiba ya saa za kuanza na utabiri wa hali ya hewa vitoke ndipo niweke dau, hata kama odi imeshuka kidogo.

Na kama hujawahi kutazama gofu kwa miguu yako, nenda Kitante, Kampala, kwenye uwanja wa Uganda Golf Club, Uganda Open inapochezwa hapo, ulifuate kundi moja kwa mashimo tisa. Utaona mpira uliopigwa vizuri ukigonga tawi na kuishia kichakani, na mbovu ukirudi njiani. Baada ya hapo odi ndogo hazitakutia tamaa tena.

Kubeti wakati mchezo unaendelea ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, hasa kwa saa zetu. Mwaka 1996 Greg Norman aliingia Jumapili ya Augusta akiongoza kwa mipigo sita, akamaliza nyuma ya Nick Faldo kwa mitano. Mwaka 1999, The Open ilipochezwa Carnoustie, Jean van de Velde alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mitatu, akalimaliza kwa mipigo saba, na kikombe kikachukuliwa na Paul Lawrie katika mashimo ya nyongeza. Odi ya 1.10 kwa anayeongoza si fedha ya bure. Masters humalizika kwetu karibu saa nane usiku, wakati ambapo macho ni mazito na kidole ni chepesi, kwa hiyo Jumapili hiyo siweki dau lolote baada ya chakula cha jioni. The Open, ambayo kwa kawaida huisha kwetu kati ya saa mbili na saa tatu usiku, ndiyo pekee ninayojiruhusu kuibeti siku ya mwisho, tena mtu kwa mtu tu.