Mimi nilizishona hizo barakoa, niulizeni mimi

Mleta uzi umeuliza mbona wakati wa korona watu walikua wanavaa barakoa kidevuni, ni ujinga ama nini. Mi ni fundi cherehani hapa Likoni, Mombasa, toka Aprili 2020 nimeshona hivyo vidude mpaka vidole vikaota sugu, basi nitakwambia nilivyoona.

Kumbuka Machi tuliambiwa nini. Kesi ya kwanza Kenya ilitangazwa tarehe 13, na wakati huo WHO, shirika la afya duniani, walikua wanasema barakoa ni za wagonjwa na wanaowauguza, mzima hana haja nayo. Wiki chache tu mbele serikali inasema ukitoka bila barakoa faini hadi elfu 20 ama jela miezi 6, na WHO wenyewe wakaja kugeuza kauli Juni. Kugeuza si kosa jamani, maradhi yalikua mapya. Ila huku kwetu hakuna aliyekaa chini akatwambia kwamba mtu anaweza kua nayo na asikohoe hata mara moja na bado anaambukiza, na kwamba kile kitambaa kazi yake kubwa ni kuzuia mate yako wewe yasimfikie mwenzio. Tulichosikia sisi ni elfu 20.

Sasa mtu ukimtisha na askari atavaa mbele ya askari. Wateja wangu walikua wanauliza "hii itapita kwa polisi?", tabaka ngapi hakuna anayeuliza. Na kwenye matatu makanga anazo tano sita mfukoni, mkikaribia kizuizi "vaeni vaeni karao mbele", mkishapita anazikusanya zingojee abiria wengine. Mimi mwenyewe nilivaa moja siku hiyo, fundi mzima nimesahau yangu nyumbani, ilikua na harufu ya miraa wallahi.

Aliyenifundisha kuongea na watu ni nyanya yangu. Alikataa katakata, barakoa anayoijua yeye ni ile ya kina mama wa zamani ya kufunika uso. Nikamwambia nyanya, hii navaa mimi nisikuletee wewe maradhi. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na nikiwa nayo mimi nikakupa wewe je?"

Nikamshonea ya kanga, tabaka mbili, lastiki legevu isimuume masikio. Ikawa hata akipokea simu anaivaa kwanza.