Mhudumu wa Ndege, Sema Kabla Mlango Haujafungwa

Vijana wa Unguja na Pemba wanaotaka kuingia katika kazi ya uhudumu wa ndege huniuliza juu ya sare, mshahara na safari za nje. Swali wasiloniuliza, nami naliona ndilo zito kuliko yote hayo, ni hili: nikiona jambo lisilo sawa na ndege bado imesimama, nimwambie nani, na nimwambieje? Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi, zaidi katika ndege zinazounganisha Unguja, Pemba na bara, na ninayoyaandika hapa nimeyapata huko.

Zingatieni kwanza ufupi wa safari zetu. Kutoka Unguja hadi Dar es Salaam ni kiasi cha dakika 20 angani, na kwenda Pemba ni kiasi cha nusu saa. Katika safari ndefu ya Ulaya mhudumu aliyegundua hitilafu hupata saa kadhaa za kushauriana na wenzake, lakini huku kwetu hata maji hayajamaliza kugawiwa, ndege inashuka. Isitoshe, ipo kanuni inayofuatwa na mashirika mengi duniani kwamba ndege ikiwa chini ya futi 10,000 marubani wasishughulishwe na jambo lolote lisilohusu usalama na uendeshaji wa ndege, na safari zetu hizi fupi mara nyingi hazifiki juu ya hapo. Kanuni hiyo haimkatazi mhudumu kuinua simu ya ndani na kueleza jambo la usalama. Hata hivyo, nimewaona wageni wa kazi wakisita kuigusa simu hiyo kwa sababu nusu ya kwanza ya kanuni imewaingia zaidi kuliko nusu ya pili. Kwa hiyo wakati wetu mzuri wa kusema ni chini, mlango ukiwa wazi na fundi akiwa bado yuko karibu na ndege.

Kinachotuzuia kusema, kwa niliyoyaona, ni malezi kuliko woga. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi mbele ya watu, na ikibidi kumfahamisha jambo, hupitiwa mbali mpaka mwenyewe afahamu. Kapteni naye, hata akiwa na umri wa mdogo wako, ndani ya ndege ni mkubwa. Basi mhudumu huona jambo, akalizungushia maneno, kisha akaridhika kwamba ameshasema. Adabu hiyo siidharau, kwani ndiyo inayotufanya tupendwe na abiria, lakini rubani anayesoma orodha yake ya ukaguzi huku akisikiliza mnara wa kuongozea ndege hana nafasi ya kufumbua fumbo.

Siku moja tulikuwa tukijiandaa kwenda Nairobi, abiria wameanza kupanda, na mwenzangu mgeni kazini alikuwa jiko la nyuma akiwasha birika la umeme. Nilipompitia aliniambia, "Dada, leo huku nyuma pana joto, au ni mimi tu?" Nikajibu kwamba joto lipo, maana ilikuwa mwezi wa Februari na kaskazi ilikuwa imeshapoa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tena, "Lakini joto hili lina harufu." Hapo ndipo nilipoingia jikoni. Ilikuwa harufu ya plastiki inayoungua, nyepesi, inayokamata kooni kabla ya pua. Tulizima swichi ya birika, tukangoja kidogo, harufu haikuondoka. Nilimpigia kapteni kwa simu ya ndani nikamwambia maneno haya: "Kapteni, jiko la nyuma, upande wa kushoto, pana harufu ya plastiki inayoungua. Imeanza tulipowasha birika. Tumezima swichi na harufu bado ipo. Moshi hatuuoni. Naomba fundi aje aangalie kabla hatujafunga mlango." Upandaji wa abiria ukasimamishwa, fundi akaja, akafungua paneli na kukuta kiungio cha waya kimebadilika rangi na kuwa cheusi. Tulichelewa, abiria wakanung'unika, na mmoja alinieleza kwa kirefu juu ya mkutano aliokuwa akiukosa. Huyo mwenzangu alikuwa ameijua hatari kabla yangu, na pua yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Alichokosa ni sentensi ya kuipeleka mbele.

Sentensi hiyo hufunzika. Taja mahali, taja ulichokiona au kukinusa au kukisikia, taja kilianza lini na umeshafanya nini, kisha sema unachoomba. Usiseme "sijisikii vizuri na safari hii", kwa sababu kapteni hawezi kumwita fundi aje kutengeneza hisia zako. Wala usianze kwa kuomba radhi mara tatu. Neno "kapteni" na neno "naomba" vinatosha kubeba heshima yote inayotakiwa. Katika ndege nyingine, kama zile za ATR ambazo mlango wa abiria uko nyuma na sehemu ya mizigo iko mbele baada ya chumba cha marubani, mhudumu wa mlangoni yuko mbali na kapteni kwa urefu wa ndege nzima. Ndege ya namna hiyo usipige ukelele wala usimtume abiria. Tumia simu, na kama hapokei, nenda mwenyewe.

Ipo kauli moja ambayo ningependa iondolewe kabisa midomoni mwa wahudumu: "Marubani wanajua." Tarehe 10 Machi 1989, katika mji wa Dryden nchini Kanada, ndege aina ya Fokker F28 iliyobeba watu 69 iliondoka na theluji juu ya mabawa, ikashindwa kupanda, ikaangukia msituni, na watu 24 wakafa. Theluji ile ilionekana kutoka ndani. Mhudumu aliiona, na miongoni mwa abiria walikuwamo marubani wawili waliokuwa nje ya zamu, nao waliiona, lakini hakuna aliyekwenda mbele kusema, kwa kudhani kwamba wenye ndege wanajua na watachukua hatua. Tume ya Jaji Virgil Moshansky iliyoichunguza ajali hiyo, na iliyotoa ripoti yake mwaka 1992, haikumtupia lawama mtu mmoja. Ilionyesha shirika na wasimamizi walivyoshindwa kabla ya siku ile, ikiwa ni pamoja na mashine ndogo ya umeme ya ndege iliyokuwa mbovu, ambayo kwa sababu yake injini zisingeweza kuzimwa pale Dryden ili theluji iondolewe, kisha zikawashwa tena. Zanzibar hatuna theluji, lakini dirisha la kati linaloonyesha bawa tunalo, na rubani akiwa amekaa mbele hawezi kuona kila anachokiona mtu aliyeko katikati ya ndege.

Huku kwetu jambo ambalo mhudumu huliona kabla ya rubani, na ambalo watu hulidharau, ni uzito. Abiria anayerudi nyumbani na zawadi hupanda na mfuko wa mkononi ambao mimi na mwenzangu tukiushika pamoja hatuuinui. Familia inayokuta viti vitupu huhamia nyuma wakae pamoja, na katika ndege ya viti vichache jambo hilo linagusa mizani ya ndege, kwa kuwa karatasi ya uzito aliyopewa rubani imehesabu watu kwa sehemu walizopangiwa. Mhudumu akihesabu vichwa na kukuta hesabu ya sehemu haifanani na karatasi, hilo ni jambo la kumwambia kapteni, hata kama mama mwenye watoto amekwisha tulia na kuvua viatu. Mwombe arudi kwa upole. Akikasirika, akasirike.

Utakaposema, jitayarishe kusikia kwamba hitilafu hiyo inajulikana na imeruhusiwa. Jibu hilo linaweza kuwa la haki. Kila aina ya ndege ina orodha iliyoidhinishwa ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka navyo vikiwa havifanyi kazi, kwa masharti na kwa muda maalumu, na si kila taa iliyozimika ni sababu ya kubaki chini. Ila una haki ya kuuliza kama imeandikwa katika kitabu cha hitilafu, na kama kifaa chenyewe kimebandikwa alama. Ikiwa imeandikwa, endelea na kazi yako kwa moyo mweupe. Kama haikuandikwa, basi hiyo ni habari mpya kwa kapteni, na uamuzi ni wake. Sheria za kimataifa zinampa yeye neno la mwisho, nami siwashauri vijana kugombania neno hilo. Wanachostahili kukipigania ni kwamba neno hilo lisitolewe bila yeye kupata habari wanayoijua.

Kukataa kuruka ni hatua nyingine kabisa, na gharama yake ni kubwa. Julai 2014, mjini San Francisco, wahudumu 13 wa United Airlines walikataa kuondoka na Boeing 747 iliyokuwa ikienda Hong Kong, baada ya kuonekana maneno ya kuaga na michoro ya nyuso karibu na mkia wa ndege. Walitaka abiria washushwe na ndege ikaguliwe upya. Shirika likasema limeridhika na ukaguzi uliofanyika, safari ikafutwa, nao wakafukuzwa kazi. Januari 2015 walipeleka malalamiko serikalini wakitegemea sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inayowalinda wafanyakazi wa anga wanaotoa taarifa za usalama. Sitaki kuamua nani alikuwa na haki. Ninachokipenda ni kwamba walidai jambo mahususi, yaani ukaguzi, na ninachowahimiza vijana ni kusoma mkataba na mwongozo wa kazi wa shirika lao wakiwa nyumbani, wakati hapana shinikizo, ili wajue haki zao zinafika wapi.

Baada ya safari, andika. Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kilichoanza kutumika mwaka 2013, kinazitaka nchi ziwe na mfumo wa taarifa za lazima na mfumo wa taarifa za hiari. Usafiri wa anga kwetu ni jambo la Muungano, hivyo msimamizi wa usalama wa ndege ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ilhali mambo ya kiwanja chenyewe, kama vile jiwe au kipande cha chuma kilichoonekana ndege zinapoegeshwa, yako chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Kwa kawaida anza na ofisi ya usalama ya shirika lako. Andika siku ile ile, kwa mpangilio ule ule uliomwambia kapteni, na andika pia alivyokujibu, hasa akikujibu vizuri. Taarifa zinazowasema marubani kwa ubaya tu huishia kutoaminiwa, na fundi aliyekuja haraka anastahili kutajwa. Weka nakala yako.

Neno kwa abiria wa Pemba: katika zile ndege ndogo za Caravan, zenye rubani na viti visivyozidi dazeni hivi, mhudumu hayupo. Ukiona mlango haujakaa sawa, au mkanda wako haushiki, hakuna mwingine wa kumwambia rubani. Mguse bega kabla hajawasha injini.