Bustani ya wanyama ya kwanza nchini ni Saanane, Mwanza

Ndugu, uliyeuliza kama Dodoma ndiko ilikoanzia bustani ya wanyama nchini: hapana. Ya kwanza ni kisiwa cha Saanane, Mwanza, mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyeishi pale kabla ya wanyama kuletwa.

Huku kwetu Dodoma, simba wa kizimbani wengi tumemwona kwenye maonyesho ya Nanenane, Nzuguni. Mwaka juzi nilimbeba mwanangu begani, vumbi tupu, kumbe simba mwenyewe kalala katupa mgongo! Mtoto akauliza, "Baba, amekufa?" Ukitaka kutembea karibu na wanyama kwa utulivu, panda basi la Mwanza, kisha boti kidogo tu.